Maziwa Uliyoyamwaga na Mlima Unaosema Haupo

Boito, kambi ya juu,
kwenye chai.

Ongeri, mdogo wangu,

Afya yako siiulizi. Mtu mwenye mkono wa kumwaga maziwa ya watu mlangoni kwao ni mzima wa kutosha. Ninayemuuliza ni mama yetu. Mguu unaendeleaje? Analala? Anakunywa uji, au bado anamwambia mkeo kwamba uji wake unafaa kupaka ukuta? Msomee mama mistari hii, umwambie Mokaya wake anamsalimu kwa kichwa kilichoinama. Halafu ukunje karatasi uende nyuma ya nyumba, maana yanayofuata ni yako wewe.

Mimi niko. Goti la kushoto linauma mvua ikija, na huku Boito mvua inakuja kila siku baada ya chakula cha mchana, kama karani. Juzi ilishuka ya mawe, ikapasua chai ya upande wote wa mto, meneja akawa anapita kati ya mistari amevua kofia kama aliyefiwa. Wachumaji wakakaa kambini bila kazi. Mimi sikukaa. Nilipewa kusimamia wanaopogoa, kwa sababu kambi hii yote haina nyapara mwingine anayeweza kutazama kichaka cha chai akakwambia nani alikikata na siku hiyo alikuwa na hasira gani. Uliza yeyote.

Na barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nasikia unawaambia watu kanisani kwamba kaka yako ni mtu wa kutia dole gumba. Haya, lisome hilo dole gumba. Herufi nilifundishwa jeshini, juu ya kifuniko cha sanduku la risasi, na mwalimu alitaka azione akiwa mbali, ndiyo maana ni kubwa. Leo nafurahi kwamba ni kubwa.

Barua yako ilifika na mke wa Makori wa huko nyumbani, aliyekuja kutafuta kazi ya kuchuma. Unasema huku Boito hurudi tena. Unasema ng'ombe wa hawa Wakipsigis hawataingia katika zizi la baba yetu, kwa sababu baba zao walichukua ng'ombe wa baba zetu kule mpakani. Halafu, kama mtu anayetema mate akiwa ameshageuka kwenda, unaniambia niache kuwachosha watu na hadithi za mlima wa Libia, kwa kuwa Libia ni mchanga mtupu na mlima wa kijani huko haupo na haujawahi kuwapo.

Hilo la mwisho ndilo lililonifanya ninunue karatasi.

Lakini tuanze na maziwa, maana nasikia nyumbani umeyaeleza kwa namna yako. Umesema ulipewa sumu ukaponyoka. Sasa nakuandikia nilivyoona mimi, niliyekuwa nimekaa kando yako goti kwa goti.

Nilikuita kwa sababu binti yangu Kemunto anaolewa na Kiprono, mtoto wa arap Koech, yule mwenye shamba linalopakana na kampuni. Nilikuita kwa sababu wewe ndiwe baba yake mdogo, na kwetu mtu hapokei ng'ombe wa binti yake peke yake kama mwizi. Ndugu yake anasimama pembeni, anawatazama wale wanyama, anawakosoa mikia na pembe, wenye ng'ombe wanajitetea, watu wanacheka, ndipo inakuwa ndoa. Bila ndugu ni biashara ya soko la Sotik. Na zizi la kuwapokea ni la nyumbani, maana kampuni hairuhusu ng'ombe kambini. Hayo yote unayajua. Baba alitufundisha siku moja, tukiwa tumekaa kwenye ngozi moja.

Ukaja na lile koti lako la kanisani. Tukakaribishwa. Mke wa arap Koech akatoka na kibuyu kirefu, akakitikisa, akamimina kikombe cha kwanza, akapita mbele yangu akakupa wewe, kwa sababu wewe ulikuwa mgeni wa mbali. Uliona heshima hiyo? Hukuiona. Ulikuwa unatazama ndani ya kikombe.

"Hivi vyeusi ni nini?" ukaniuliza kwa lugha yetu.

"Makaa. Wanasugua ndani ya kibuyu kwa makaa ya mti wao. Kunywa."

"Nani anaweka makaa kwenye maziwa ya mgeni?"

"Hawa wote unaowaona, na mgeni akiondoka wanakunywa wenyewe. Kunywa, Ongeri."

"Aanze yeye."

Mama wa watu akaniuliza, "Mgeni anasema nini?"

Nikamwambia, "Anasema hajaona maziwa mazuri hivi."

Hapo nilikuwa nimekujengea daraja. Ulichotakiwa kufanya ni kutembea juu yake tu. Wewe ukainuka, ukaenda mpaka mlangoni, ukayamwaga kwenye majani kama maji ya kunawia miguu, ukarudi ukakaa, ukafuta mkono kwenye koti. Mbwa wao akaja akayalamba yote. Mpaka leo yule mbwa yuko, anafukuza kuku wangu nikipita na kuku.

Arap Koech alimtazama mbwa mpaka akamaliza. Kisha akaniambia, "Mokaya, huyu ndugu yako ni mgonjwa?"

"Si mgonjwa."

"Ingekuwa afadhali awe mgonjwa," akasema.

Maziwa, Ongeri. Watu hawa wanaweza kukusamehe ukiwaibia ng'ombe, maana wao pia wameiba. Lakini kumwaga maziwa chini mchana, mwenye kibuyu akiangalia, hilo hata adui yao wa zamani hakulifanya. Ulichokifanya mkono wako kwa dakika moja, jeshi lote la baba zetu na mikuki yao halikukifanya.

Na hao ng'ombe wa mpakani unaowalilia. Wewe hukuwapo, mimi nilikuwapo tumboni. Baba mwenyewe alisimulia akicheka, kwamba vijana wetu walipofuata nyayo za ng'ombe wetu, walirudi na ng'ombe wetu pamoja na wengine wasiokuwa wetu, na yule fahali mweusi aliyetuzalia nusu ya zizi alikuwa wa huku. Huku kwa kina arap Koech. Umekunywa maziwa ya wajukuu wa fahali yule tangu ulipoacha kunyonya. Hayakuwa na makaa, lakini yalikuwa yao.

Sasa mlima. Kaa chini vizuri.

Wewe wakati wa vita kubwa ulikuwa unafukuza ndege kwenye shamba la wimbi. Mimi nilivushwa bahari. Hatukuwa watu wa bunduki, tulikuwa Paonia, wa kujenga barabara na kupakua mapipa, na askari wa bunduki bila sisi angekufa kiu amekumbatia bunduki yake. Tulipita Misri. Tukapandishwa malori kuelekea jua linakotua, na kweli ilikuwa mchanga, mchanga, mchanga, mpaka macho yakasahau rangi nyingine. Hapo ndipo ungesimama wewe ukasema Libia nimeijua. Halafu siku moja lori likaanza kupanda. Likapanda ngazi ya kwanza ya mlima, likakaa sawa kidogo, likapanda ngazi ya pili. Udongo ukawa mwekundu kama wa kwetu. Nikaona miti kama mitarakwa. Nikaona ukungu, Ongeri, ukungu wa asubuhi kama huu wa Kericho, na watu wamejifunika mablanketi mazito wanafuata mbuzi. Nikashuka nikashika ule udongo nikaunusa, na wenzangu wakanicheka kwamba Mokaya amefika nyumbani. Waarabu wanauita Jebel Akhdar. Maana yake ni Mlima wa Kijani. Wewe ndiye unayeniambia haupo.

Juu ya mlima huo kuna mji uliokufa. Nguzo za mawe, nyingine zimesimama, nyingine zimelala, unene wake ukikumbatia mikono haikutani, na mimi wakati huo nilikuwa na mikono inayobeba pipa peke yake. Kuna pango, na ndani ya pango maji yanatoka kwenye mwamba, baridi ya kuuma meno. Ukisimama hapo unaiona bahari chini kule kama kitambaa. Mji huo ni Kirene. Na wewe mzee wa kanisa, unayesimama Ijumaa Kuu kuwasomea watu habari ya yule mpita njia aliyekamatwa barabarani akabebeshwa msalaba usio wake, nikuulize, alikuwa mtu wa wapi? Mkirene. Kila mwaka unautaja mlima wangu kwa kinywa chako mbele ya watu wote, halafu unarudi nyumbani unaniandikia kwamba haupo. Alibeba vizuri, yule. Watu waliopita mlima ule ni watu wa kubeba.

Mawe hayo yalikuwa na mlinzi wake, mzee Mwarabu, Salim, aliyekuwa ameyachimba miaka mingi chini ya Wataliano. Wataliano wakakimbia vita, yeye akabaki analinda mawe ambayo hakuna mtu angeweza kuyainua. Kila tulipomaliza kazi ya barabara nilikwenda kukaa naye, pamoja na Mwinyi, dereva wetu kutoka Mombasa, aliyejua Kiarabu cha madrasa. Mzee Salim alisema, Mwinyi akageuza kwa Kiswahili, mimi nikauliza.

"Muulize nani alijenga."

"Anasema Wagiriki. Walikuja kwa mashua kutoka kisiwani kwao."

"Walitafuta nini huku?"

"Anasema kwao mvua ilikataa. Miaka ikapita, miti ikafa. Wakaenda kuuliza kwa mungu wao, mungu akasema kwa mdomo wa mwanamke, nendeni Libia. Na mfalme wao alikuwa kigugumizi."

"Kigugumizi anaongozaje watu?"

Mzee Salim akacheka sana alipogeuziwa. Mwinyi akasema, "Anasema kigugumizi hawezi kuwaahidi watu mambo mengi, ndiyo maana walimfuata."

Sikiliza sasa walivyochagua wa kwenda. Hawakwenda wote. Kila nyumba yenye ndugu wa tumbo moja ilipiga kura, na mmoja kati ya ndugu akaambiwa ondoka. Asiyetaka kuondoka alikuwa mtu wa kuuawa. Wakaingia mashuani, wakaja, wakashindwa. Pwani ya Libia waliiogopa, chakula kikawaishia, wakasema turudi kwetu. Wakarudi. Wakaona kisiwa chao, wakaona moshi wa jikoni kwa mama zao. Na ndugu zao waliobaki, wale ambao kura haikuwaangukia, wakatelemka pwani wakawatupia mawe. Wakawatupia mawe, Ongeri, wasikanyage nchi. Wakawaambia, rudini mlikotumwa.

Nilimwambia Mwinyi, "Muulize tena. Walitupiwa na nani?"

"Amesema na ndugu zao."

"Maadui zao, labda."

"Mokaya, mzee amesema ndugu. Nigeuze mara ngapi?"

Basi wakageuza mashua. Wakakaa tena kwenye pwani ile, wembamba, wamechoka, hawana wa kumlilia. Nao wenyeji wa nchi, watu wenye mbuzi na mablanketi, wakawaangalia, wakaangalia, mwisho wakaja wakawaambia, hapa mlipo si pa kukaa watu, njooni tuwaonyeshe. Wakawashika mkono wakawapandisha mlimani mpaka kwenye lile pango la maji, wakawaambia, kaeni hapa, hapa mbingu imetoboka. Maana yake hapa mvua haikosi. Na kwa kuwa mashua zile zilileta wanaume tu, wakawapa binti zao.

Siwezi kukudanganya kwamba walikuwa malaika. Mzee Salim alitwambia kwamba njiani kulikuwa na mahali pazuri kuliko pote, na wenyeji wakahesabu mwendo wapapite usiku ili wageni wasipaone. Hapo Mzee Salim aligonga fimbo yake, alikuwa na kiburi cha mambo hayo kama aliyafanya yeye jana. Na mimi sioni kosa. Unamkaribisha mtu, humwonyeshi chumba cha ndani siku ya kwanza. Mji ukakua. Ukawa na farasi, ukawa na mmea wa dawa uliokuwa unaota mlima ule peke yake duniani, watu wakaugombania mpaka wakaumaliza, nilitafuta hata jani moja nisilione, na mimi macho yangu kwa mimea unayajua. Baadaye Wagiriki wale wakaleta wageni wengine wengi wakawanyang'anya wenyeji mashamba, ikawa vita. Na baadaye tena wafalme wao wenyewe wakagombana ndugu kwa ndugu, mpaka mmoja akiwa kitandani mgonjwa akanyongwa na nduguye wa damu. Nguzo zikaanguka. Lakini mwanzo wake ni huo niliokwambia. Ndugu alitupa jiwe, mtu baki akatoa maji.

Siku ya mwisho kabla hatujaondoka nilimuuliza Mzee Salim jambo moja tu. Wale waliotupa mawe, waliobaki na kisiwa chao kikavu, waliishia wapi?

Mwinyi akasema, "Anasema hajui. Yeye alichimba huku."

Sasa Ongeri, mimi nilirudi kutoka mlima huo na viatu vya jeshi na herufi zangu, nikakuta shamba la baba halitoshi wawili. Baba hakupiga kura, alinitazama tu, nikaelewa. Nikaja kwenye chai. Nimekaa huku mpaka meno yameanza kuniaga. Uliyebaki ni wewe, migomba ni yako, kivuli cha mama ni chako, na siku moja sijakuuliza umekula nini. Sikudai na leo sidai. Nilichokuomba ni usimame kando yangu Jumamosi moja ukosoe mikia ya ng'ombe. Ukaniletea jiwe.

Nilipopata barua yako nilikwenda kwa arap Koech. Sikwenda kuomba, nilikwenda kama mtu anayepita. Tulikaa kwenye ukingo wa shamba lake, upande ule unaoiona chai ya kampuni mpaka mwisho wa macho, na baba yake arap Koech alikuwa anachunga hapo ilipo chai. Nikamsimulia mlima, wote, kama nilivyokuandikia. Alisikiliza akitafuna jani. Nilipofika pale pa wenyeji kuwapitisha wageni usiku, akaacha kutafuna.

"Wale watu walikuwa na akili," akasema. "Sisi kosa yetu ni moja tu. Wazungu tuliwapitisha mchana."

Akacheka mpaka machozi, na mkewe akatoka kuuliza kuna nini, akamweleza kwa Kikipsigis, naye akacheka, nami nikaona maneno yameiva. Nikasema, "Mama, nipe kikombe cha ndugu yangu nikinywe mimi, tuimalize hii maneno."

Akaacha kucheka.

"Wewe ulikunywa yako siku ile," akaniambia. "Hii ya ndugu yako, mdomo yako itaijua aje?"

Arap Koech akanieleza taratibu, bila hasira, na ndiyo sababu nilimwamini. Wazee wa mtaa wao wamekaa wakalizungumza. Kijana anampenda Kemunto na nyumba yangu hawana neno nayo. Lakini ng'ombe hawawezi kutoka zizini kupita juu ya majani yaliyomwagiwa maziwa. Kwa hiyo kuna mambo mawili, nichague. Ama aliyemwaga arudi, akae pale alipokaa, akinywe kikombe mpaka chini, na baada ya hapo hakuna atakayelitaja tena. Ama mimi Mokaya nisimame mbele ya wazee niseme kwamba yule mtu si ndugu yangu, ni mpita njia aliyenifuata kwa ajili ya chakula. Maziwa yaliyomwagwa na mpita njia hayana deni.

"Ni neno dogo tu," arap Koech akaniambia. "Lakini likisemwa mbele ya wazee halirudi kinywani."

Nikamuuliza, "Na nani atasimama upande wangu siku ya ng'ombe?"

"Yule umtakaye. Ukishasema huna ndugu, unachagua."

Nimeshachagua, ujue. Odhiambo, fundi wa mashine za kukaushia pale kiwandani, jirani yangu ukuta kwa ukuta, mtu wa ziwani. Nilipomwambia hakuuliza hata kwa nini. Alisema tu, "Mzee, afadhali umeniita mimi. Nyinyi watu wa ndizi mnajua nini kuhusu mkia wa ng'ombe?" Ameshapeleka koti kwa dobi. Watoto wa Kemunto wakizaliwa watamwita huyo babu mdogo, na atawapa samaki, na watakapouliza kama Mokaya alikuwa na ndugu wataambiwa kile nitakachokuwa nimesema. Na ng'ombe watabaki kulelewa katika zizi la arap Koech, maana hawa wana desturi ya kufuga ng'ombe wa rafiki kama wao. Zizi la baba libaki na wewe na upepo.

Kemunto aliniona nikiandika. Aliingia na kikapu mgongoni, maji ya mvua yakimtiririka, akauliza, "Baba, unamwandikia baba mdogo?"

"Ndiyo."

"Usimwombe."

"Nani amesema naomba?"

Akatazama karatasi, akasema, "Ni ndefu kwa mtu asiyeomba." Akaenda kubadilisha nguo. Mtoto huyo ulimbeba wewe mgongoni mpaka kwa mganga wa sindano alipougua surua, na leo anajifunza kukutaja kama anavyotaja mtu wa basi. Hilo silijibu mimi. Utalijibu wewe.

Wazee wa arap Koech wanakaa Jumamosi itakayofuata mshahara. Watakaa asubuhi, kabla ya mvua. Kama unakuja, panda gari la kwanza mpaka Sotik, uliza watu wa Boito. Usilete koti la kanisani. Usilete mtu wa kukusaidia kusema. Kikombe ni kile kile, na kibuyu wamekitunza, na maziwa yale kadiri yanavyokaa ndivyo yanavyozidi ukali, kwa hiyo tumbo lako likiuma mlaumu aliyekawia.

Nisalimie mkeo Nyaboke, ambaye kosa lake ni moja tu, la kukubali siku ulipomposa. Msalimie dada yetu Moraa mfinyanzi, umwambie chungu chake cha mwisho kilivunjika kwa sababu mfukuaji wa udongo siku hizi ni wewe. Msalimie mjomba wetu Onchari, anayewaamulia watu mipaka, umuulize kwa niaba yangu kama kuna mpaka kati ya ndugu, na kama upo, nani huwa anaupanda. Wanao wote wasalimie kwa majina, hao sina vita nao. Na mama, kama ulimsomea mistari ya kwanza tu nilivyokwambia, msomee na huu wa mwisho, kwamba nampenda, na kwamba akisikia lolote juu yangu na wewe baada ya Jumamosi hiyo, asilie.

Sikuandikii hivi ili uogope. Nataka ujue nimefika wapi. Lile neno nimelijaribu. Nilikwenda peke yangu katikati ya chai, mahali ambapo mtu hasikiki, nikasimama kama nitakavyosimama mbele ya wale wazee, nikasema, "Yule simjui." Mara ya kwanza lilitoka nusu, nikakohoa kama mzee. Nikanywa maji mtoni, nikarudi, nikasema tena.

Mara ya pili lilitoka vizuri.

Mpaka Jumamosi, ni mimi kaka yako mkubwa,

Mokaya